Damu ya Usiku Tunduma

Tulitoka Iyula kwa sababu ya mguu wa kaka Asheri. Alirudi nao umevimba kutoka mashamba ya mpunga ya Kyela, na wazee wakaamua kuwa shangazi Estele, dada wa marehemu baba, amemloga. Mimi nikabisha. Wakasema nikaulize hospitali. Nikirudi mikono mitupu, shangazi ahame kabla kahawa haijaiva. Shangazi mwenyewe aling'ang'ania tufuatane.

Mlowo tulipata lori la mahindi. Kaka alikwenda kukaa mbali na shangazi, na viazi ambavyo shangazi alituchemshia hakuvigusa. Tangu mguu uvimbe, hakula kitu kilichotoka mkononi mwake.

Tunduma tulifika mchana. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alimtoboa kaka kidole, akaitazama damu kwenye darubini, akatikisa kichwa.

"Sioni kitu. Lakini mdudu ninayemshuku hujificha mchana. Mrudi usiku, watu wakishalala."

Loo, afadhali angenyamaza! Mwenyeji wetu, shemeji yetu wa kabila la Wanamwanga mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, Rodesia, aliposikia alikomea mlango.

"Banyama hao, mulamu, shemeji yangu! Mumiani! Nani mwingine anataka damu ya mtu usiku? Watakunyonya ubaki mkavu."

Kaka akaapa haendi. Na mimi niliogopa, siwafichi. Ndipo shangazi akajifunga kitenge.

"Mimi si ndiye mchawi? Basi usiku ni wangu. Natangulia."

Zahanati ilikuwa na taa moja ya chemli. Shangazi alinyoosha kidole kwanza, akatobolewa, akaketi akiwa mzima kama alivyoingia. Kaka alimtazama kwa aibu, kisha akatoa chake. Dresa aliinama kwenye darubini muda mrefu mno. Hatimaye akaniita. Damu ya shangazi ilikuwa safi. Katika ya kaka niliona kijiuzi kikijinyonganyonga.

"Ni mdudu wa matende," dresa alisema. "Huletwa na mbu. Huyu amempata huko Kyela."

Tuliporudi Iyula niliwasimulia wazee yote, kifua mbele. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akakohoa.

"Na huyo mbu, alitumwa na nani?"

Kumbe darubini humwonyesha mdudu tu. Yaliyo moyoni mwa watu haiyagusi.

Kaka aliinuka, akachechemea mpaka jikoni kwa shangazi, akarudi na ugali wake wa moto. Aliula pale pale mbele yao, tonge baada ya tonge, mpaka akaikomba sahani.