Ubeti wa Minza

Nakumbuka Jumapili moja mchana, mwanangu, nilivyotamani ardhi inimeze huku ukumbi mzima ukinipigia makofi. Nyinyi leo mnarekodi asubuhi, jioni wimbo uko kwenye simu za watu. Sikulaumu. Moto huo nilikuwa nao, tena ukaniunguza. Keti nikusimulie, au simama kama huwezi kukaa. Naona mguu wako hautulii, na wangu haukutulia.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa bendi ya wafanyakazi wa kinu cha pamba hapa Mwanza. Tulikuwa na nyimbo saba za albamu yetu ya kwanza, tukapungukiwa na mmoja. Mpiga ngoma wetu, Deusi, Mhaya mpole aliyenizidi umri, akanipeleka Kisesa kwa Mzee Masanja, mwimbishaji wa nyimbo za kulimia. Tukamwamkia, tukaeleza shida. Akatuimbia wimbo uliotungwa na marehemu mama yake, Minza, jembe likiwa mkononi. Ubeti wa mwisho ulimtaja mama huyo kwa jina. Wakati huo mzee alikuwa amehamishiwa kijiji cha ujamaa, hajamaliza hata kuezeka.

"Kaburi lake limebaki kule tulikotoka," akaniambia. "Huku nimekuja na jina tu. Chukueni wimbo, ila mama msimtoe."

Nikaahidi upesi, kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa.

Tukapanda meli hadi Kisumu, kisha treni hadi Nairobi, kwa sababu kwetu hakukuwa na mtambo wa kutengeneza santuri. Njia nzima sikula nikashiba. Kila kituo nilitoa kichwa dirishani, nikiona treni imesahau kuondoka. Studio tukamaliza nyimbo saba kwa siku mbili, ukabaki wimbo wa Minza. Fundi mitambo akatusimamisha. Wimbo ni mrefu, akasema, hautaenea kwenye santuri, ubeti mmoja utoke. Sasa palikuwa na ubeti wa Minza, na palikuwa na ubeti niliouongeza mimi wa kujisifu, kama zilivyofanya bendi zote za wakati ule: unataja bendi, unamtaja na mpiga gitaa. Mpiga gitaa ni mimi.

Deusi akashauri tufupishe gitaa, beti zote ziingie. Fundi hakukataa, ila alitaka turudi kesho asubuhi tuupange upya. Mimi kesho niliiona mwaka. Meli ingetuacha Kisumu, na nilitaka niwe Mwanza nikingojea santuri zangu. Nikaamua ubeti wa mama utoke, turekodi saa ile ile. Deusi alinitazama, akaokota fimbo zake, akapiga. Haraka haraka haina baraka. Msemo huo niliujua tangu utotoni, nikadhani ni wa wazee wasio na kazi.

Na nilikuwa nakimbilia nini, mwanangu? Santuri zilichukua miezi. Kila meli ilipotia nanga nilitoroka kinuni kwenda bandarini, nikarudi mikono mitupu. Siku moja niliikataa, nikangoja tisini.

Zilipofika tukafanya dansi la mchana kuzizindua. Deusi ndiye aliyemwalika Mzee Masanja. Mimi nilikuwa nikimkwepa. Akaja amevaa koti lake la kanisani, akakaa mbele kabisa. Tulipoanza kuupiga wimbo wa mama yake, vile vile ulivyo kwenye santuri, akafumba macho, midomo ikimfuata mwimbaji. Ulipokaribia mwisho akasimama, akavua kofia. Likaja jina langu.

Watu wakashangilia. Mzee akabaki amesimama, kofia mkononi, mpaka makofi yakaisha. Kisha akanifuata jukwaani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mama yangu umemshusha kituo gani?"

Akavaa kofia yake, akaenda kupanda basi la Kisesa.

Nilimfuata wiki iliyofuata, nikaomba radhi. Alinisamehe, hata akanifungashia michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, nile njiani. Tangu hapo kila dansi niliuimba ubeti wa Minza. Lakini santuri haisikii toba. Mzee alishafariki, na hadi leo vijana wa Ilemela wanauimba wimbo ule harusini. Wakifika mwisho wananitaja mimi, wanacheka. Naona haya, mwanangu. Uzee haujaniondolea.

Basi shika hili. Usimtoe mwenye wimbo ili uingie wewe. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho, hata kama meli inapiga honi. Maji yakimwagika hayazoleki, na sauti nayo ni hivyo hivyo.

Mungu akupe vidole vyepesi na moyo mzito. Jina lako lidumu midomoni mwa watu, wala lisikae kwenye kiti cha mama wa mtu. Haya, chukua gitaa hilo, nikufundishe ubeti wa mwisho.