Maziwa ya Mapasa

Kampani ilijenga nyumba ya maziwa nyuma ya reli, upande wetu, ule usio na kambi. Watu wa kambi walikuwa na nyumba za matofali, na posho, na dispensari yao. Sisi tulikaa pembeni. Mume wangu alikata kuni za treni, na treni ilikuwa ya kampani, lakini yeye aliandikwa na mzungu mwingine aliyepatana na kampani kuwaletea kuni. Basi kuni zake zilikuwa za kampani, mwenyewe hakuwa wa kampani. Watoto wake vilevile.

Kiisha tukaambiwa wakubwa wa kampani kule Elisabethville wametoa pesa kwa ajili ya wamama maskini wa pembeni. Ikajengwa nyumba ndefu yenye meza ndefu, mzani wa kupimia watoto, na jiko la kuchemshia maji. Maziwa yalikuwa ya unga. Mwenye kuyatia kwenye kopo alikuwa monitrisi, mama wa Kasai aliyesoma kwa masista. Juu yake alikuwa Madamu, mke wa mkubwa wa kampani hapa Kamina. Kila mama alileta kopo lake, na mtoto alikunywa hapo hapo mbele ya monitrisi, kwani Madamu alisema maziwa yakifika nyumbani yananywewa na waume wetu.

Majina ya wamama tuliopanga mstari pamoja ninayakumbuka yote, hata ya wale waliokuja mara moja tu. Sitayaandika. Wajukuu wao wako hapa mjini, na mambo ya mapasa hayatajwi ovyo.

Mimi nilizaa mapasa, wanaume wawili kwa uzazi mmoja. Kwetu Waluba, mzazi wa mapasa anatukanwa kwa furaha, naye haruhusiwi kukasirika. Kwenye mstari walinikamata kila asubuhi.

"Angalieni huyu, anazaa sawa mbuzi, kiisha anataka maziwa sawa muzungu."

"Na weye," nikajibu, "unazaa sawa tembo. Tutazeeka tukingoja wa pili."

Tulicheka, hata monitrisi. Niliweka makopo mawili mezani, sawasawa kwa ukubwa, maana cha pasa mmoja ni cha mwenzake. Ukimpa mmoja kitambaa, mwingine anapata kitambaa. Ukimpiga mmoja, unamgusa na mwingine. Madamu aliwapenda sana. Aliwabeba mwenyewe, mmoja kila mkono, akasema kwa Swahili yake: "Hii batoto ya kampani."

Mwisho wa kiangazi, tumbo likamshika yule mdogo. Mume wangu alikuwa mbali porini, kwenye kambi ya wakata kuni, na hangerudi mpaka wapokee posho. Nilikuwa na mama yake tu nyumbani, mtu wa Kinkondja, aliyekuja kutoka ziwani kunisaidia kulea. Mtoto alikauka mikononi mwake kama jani. Alipokata roho nikafungua kinywa. Mama-mkwe akakifunika kwa kiganja chake.

"Usilie," akasema. "Mapasa hawakufe. Ukilia, huyu mwingine atasikia, atamufuata. Mutoto alienda kuni, kwa baba yake. Njo bile tunasema kwetu. Mutu akiuliza, mujibu bile."

Tulimzika bila kilio. Nilirudi nyumbani matiti yamekauka, hata tone halikutoka tena.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwenye nyumba ya maziwa na mtoto mmoja mgongoni na makopo mawili mkononi. Monitrisi akayaangalia makopo, akaangalia mgongo wangu.

"Wa pili iko wapi, mama ya mapasa?"

"Alienda kuni, kwa baba yake."

Kwao Kasai pia mapasa hawafi. Akajaza makopo yote mawili. Nilidondosha kidogo chini kwa yule mdogo, kiisha mtoto akanywa la kwanza na la pili. Mstari mzima ulijua. Matusi ya furaha yaliendelea kama kawaida, ili mtoto asione kitu kimebadilika. Lile lilikuwa gumu kwangu kuliko kaburi.

Kiisha wakaja wenye pesa. Mabwana wawili kutoka Elisabethville walitaka kuona pesa zao zimefanya nini, na Madamu alikuwa amekwisha kuwaambia habari ya mapasa. Akanijia moja kwa moja, akatazama nyuma yangu, akatazama chini ya meza kwa mchezo, kama mtoto amejificha.

"Mingine wapi?"

Nikajibu lile jibu. Monitrisi akaligeuza kwa Kifaransa, neno kwa neno, maana angefanyaje? Madamu akashika shavu. Mtoto asiye na jino, porini, na mbu, na mashoka. Akazungumza na wale mabwana, na mmoja akamwita dereva wa kamyo, lori la kubebea kuni.

Monitrisi akanisogelea. "Anatuma kamyo imulete," akasema polepole. "Mama, nimuambie?"

"Hapana."

"Kamyo itamukuta nani kule?"

Nikamtazama mtoto mgongoni, aliyekuwa analamba bega langu kwa njaa. Nikasema tena, hapana. Kamyo ikaondoka.

Tulingoja. Madamu alitugawia biskuti. Mabwana walitazama mzani, wakatazama jiko, wakakaa kivulini na kofia zao magotini. Kati ya wamama hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani, na hakuna aliyenitukana siku ile.

Mambo ya kule porini nilisimuliwa na mume wangu baadaye, kwa maneno machache. Dereva alimkuta anapasua gogo.

"Madamu anamutaka mutoto yako."

"Mutoto gani?"

"Ile pasa moja. Bibi yako anasema alikuya huku kwako, kuni. Mupe basi, tunakawia."

Mume wangu aliweka shoka chini. Alizaliwa kwenye nyumba ya mapasa, hakuhitaji kuelezwa. Dereva, mtu wa mbali asiyejua desturi yetu, akaendelea kumuuliza nguo za mtoto ziko wapi. Mume wangu alipanda nyuma juu ya kuni, akapiga bati la kamyo kwa mkono. "Twende," akasema.

Kamyo ilipofika jua lilikuwa limeinama. Mume wangu akashuka peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Alinitazama mara moja, nami nikajua kwamba amejua. Madamu alikwenda nyuma ya kamyo akachungulia kati ya kuni. Alisogeza magogo mawili kwa mikono yake, na glavu zake nyeupe zikachafuka. Nimewasamehe wote wa siku ile kwa sababu ya yale magogo mawili.

Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. Monitrisi aligeuza maneno yake akitazama chini.

"Anauliza mutoto ulimupeleka wapi. Anauliza kama mulimupa bantu bengine. Anasema kama haonekane ataita polisi, na maziwa ya huyu itasimama mpaka aonekane."

Mama-mkwe hakuwepo. Mume wangu alikuwepo, lakini hakunisaidia. Sijui angenisaidia kwa neno gani. Mtoto mgongoni alianza kulia ile sauti nyembamba ya mtoto ambaye saa yake ya kunywa imepita. Nikamgeukia Madamu mwenyewe, nikasema kwa Swahili anayoijua, ili asihitaji mtu wa kugeuza.

"Amekufa."

Wamama wakashika vinywa. Madamu ndiye wa kwanza kumlilia mtoto wangu. Alinikumbatia, na machozi yake yakaingia shingoni mwangu, na mimi nikasimama kama mti. Bwana mmoja akasema jambo ambalo monitrisi hakuligeuza. Kiisha Madamu akajipangusa na kutoa amri, kwa upole: kuanzia kesho kopo moja, maziwa ni ya mtoto aliye hai. Haukuwa ubaya. Mtu anayetoa anataka kuona kinywa kinachokunywa.

Tulipofika nyumbani, habari ilikuwa imetutangulia. Mama-mkwe alikaa mlangoni na majani ya sombe hayajatwangwa.

"Ulisema?"

"Nilisema, mama."

"Mbele ya huyu mutoto?"

"Alikuwa ku mugongo."

"Ku mugongo hakuna masikio?"

"Mama, bila maziwa angekufa."

"Na sasa?"

"Sasa atakunywa."

"Kopo ngapi?"

"Moja."

Hakunifokea. Mume wangu aliniuliza tu mtoto amelala wapi, nikampeleka kaburini. Pale aliniambia, "Neno limekwisha kutoka, basi tulie." Tukalia mpaka tukachoka, yeye akishika kipande cha udongo kama anataka kukipeleka mahali.

Kabla ya juma kuisha mama-mkwe alifunga mkeka wake. Nilimsindikiza kwenye gari-moshi la Bukama, maana kutoka huko angepanda boti mpaka Kinkondja. Nilimpa mjukuu ambebe mpaka treni ije. Akakataa kwa kichwa.

"Nikimubeba nitamupenda," akasema. "Na huyu, mwenzake anamuita kila siku. Siwezi kungojea."

Lakini hakuitwa. Kila asubuhi nilikaa mezani na kopo moja, nikiliona lile lisilokuwepo, na mtoto akanywa. Miguu yake ikajaa. Alianza kutembea kwa kushika ile meza ya kampani. Baadaye, base ya askari ilipoanza kujengwa, wakubwa walipeleka pesa zao kwenye mambo mengine, nyumba ya maziwa ikawekwa mifuko ya simenti, na monitrisi akarudi kwao. Mtoto wangu alikuwa tayari anakula bukari, ugali wetu. Wengine waliokuwa bado kwenye kopo, sitaandika habari zao.

Mama-mkwe hakurudi Kamina hata mara moja. Mume wangu alikwenda kumwona, mimi sikuitwa. Mama huyo alipokufa, mtoto wangu alikuwa na umri wa kupoteza meno ya utoto, lakini niliogopa kumpeleka kwenye kilio, nikamwacha kwa jirani, tukaenda sisi wawili. Kule ziwani wamama walinipokea kwa matusi, yale ya furaha, yale niliyokuwa sijayasikia tangu siku ya kamyo. Mmoja, mzee aliyekuwa anageuza samaki juu ya moshi, aliniuliza:

"Mama ya mapasa, mbona hukubaleta? Bibi yao alituambia kila mwaka vile wanakua. Alisema mudogo njo mwenye akili, anamupita mukubwa. Batoto beko bazima?"

Mume wangu aliacha kula. Nikamsikia ameacha.

"Beko bazima, mama," nikajibu. "Wote wawili."