Kamera Ilikuwa Nzima

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sisimami. Haya hayakumpata shangazi wa rafiki yangu wala jirani wa mtu fulani. Yalinipata mie mwenyewe, mchana kweupe, kwenye fremu yangu ya duka, Chang'ombe, nikiwa na akili zangu zote na bisibisi mkononi.

Mie ni fundi wa simu na vishikwambi. Ndiyo, mwanamke, na wateja wengine wakiingia huniulizaga fundi yuko wapi. Nimezaliwa Singida, nimelelewa kanisani, na habari za mizimu na majini nilikuwa nawaachia wenyewe. Kazi hii ilinifundisha kwamba kila ubovu una sababu yake. Maji yameingia, kimeanguka, mtoto kakikalia. Ukitafuta bila papara, utaiona. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naamini.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua imetoka kukatika, maseremala wa ng'ambo ya barabara wamerudi kwenye randa zao. Akaingia mama mmoja mtu mzima, mwembamba, kajifunga kanga ya zambarau na pacha yake kajitanda kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ile sauti ya taratibu ya watu wa pwani. Akakaa kwenye benchi la wateja, akakitoa kishikwambi ndani ya kanga kama anavyotolewa mtoto mchanga.

"Kamera yake mbovu, mwanangu," akasema. "Nampigia binti yangu yuko Maskati. Mie namwona, yeye hanioni. Anaona ukuta tu. Mwenyewe ndiye kaniambia nikipeleke kwa fundi."

Ishu ya kawaida kabisa. Nikamuuliza kama kiliwahi kuanguka au kuingia maji, akasema hapana. Nikafuta lenzi ya mbele kwa kitambaa, nikawasha kamera. Uso wangu ukatokea safi, na kile kiboksi cha njano kinachotafuta sura ya mtu kikanishika vizuri. Nikapiga picha kaunta, nikapiga feni. Kitu kizima. Nikamrudishia.

"Haya mama, jitazame."

Akakishika mbele ya uso wake, akanyoosha kanga kichwani kama afanyavyo mtu yeyote akijiona kwenye kioo. Kisha akashusha mikono.

"Naona makava tu."

Nikazunguka kaunta nikachungulia juu ya bega lake. Kweli, kwenye kioo cha kishikwambi kulikuwa na makava ya simu yaliyoning'inia ukutani nyuma yake. Yeye hayumo.

Sasa wewe ungefikiri nini? Mie nilifikiri kama fundi: picha imeganda. Hutokea. Kamera inashika picha ya mwanzo na kuing'ang'ania. Nikakizima, nikakiwasha upya. Nikaingia kwenye mipangilio nikafuta takataka za programu ya kamera, nikaangalia kama programu ya kupigia video imepewa ruhusa. Imepewa. Nikakiwasha kwa ile hali ya usalama, ambamo programu za kuongeza zote hulala, ili nijue kama kuna programu inayoleta fujo. Kila nilipokishika mie, nilionekana. Kila nilipompa yeye, makava.

Nikaona hapa mkanda wa kamera, ule waya bapa wa ndani, umelegea, kikiinamishwa kidogo tu kinapoteza picha. Nikafungua mgongo. Mkanda ulikuwa umekaa barabara, hata vumbi hakuna. Nikausafisha kwa spiriti hivyohivyo, nikaurudisha, nikafunga. Mama wa watu ametulia, ananitazama. Mara moja tu aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yupo, yuko Singida. Akasema, "Alhamdulillahi. Mnaonana?" Nikamjibu tunapigiana simu. Akatikisa kichwa.

Nikampa tena. Safari hii nilisimama nyuma yake, nikanyoosha mkono juu ya kichwa chake, nikaupunga.

Mkono wangu ukapunga kwenye kioo.

Umenielewa? Picha haikuwa imeganda. Mkono wangu unapita, makava yanatikisika kwa upepo wa feni, kila kitu kinakwenda. Nikainama nikaleta uso wangu karibu na wake, shavu kwa shavu, kama tunapiga selfi. Kiboksi cha njano kikaja usoni pangu. Kimoja tu. Nilijiona nimeinama upande, nimelaza kichwa kwa mtu ambaye kwenye ile picha hayupo. Na bega lake nalisikia. Niamini, lilikuwa bega la mtu.

Sikupiga kelele. Ajabu ni kwamba hofu haikuja pale pale. Nilirudi nyuma ya kaunta taratibu nikajishughulisha na kuokota skrubu, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

"Basi ubovu haumo humo," akasema yule mama, kama mtu aliyepewa majibu hospitali na alikuwa anayajua. "Kirudishe nyumbani kwangu Vingunguti, kwa Mzee Salumu. Ukifika machinjioni uliza nyumba yenye cherehani barazani. Mwambie, mwanangu hanioni."

Nikainua kichwa nimwambie asubiri, nimwitie bodaboda. Benchi tupu.

Nikatoka nje. Kulia, kushoto, barabara nyeupe. Nikamuuliza seremala wa jirani yangu kama amemwona mama wa kanga ya zambarau akitoka. Akanitazama vibaya.

"Mama gani, sista? Muda wote upo peke yako. Nilijua unaongea na simu."

Hapo ndipo hofu iliponifikia. Nikafunga fremu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wengine nawasikia wakisema wangekitupa. Na mie niliwaza hivyo. Lakini usiku kucha nilichokuwa nakisikia ni ile sauti, na haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusubiri. Kesho yake nilipotoka ibadani nikaenda Vingunguti.

Nyumba haikunipa shida. Mzee Salumu alikuwa barazani, kofia ya kiua kichwani, anashona suruali. Nikabisha hodi, nikamwamkia. Akaitika vizuri, akanikaribisha kigoda. Nilipokitoa kile kishikwambi kwenye mkoba, cherehani ikasimama.

"Hicho umekipata wapi?"

"Mzee, nimeletewa dukani. Mie fundi."

"Umeletewa na nani? Hicho kimo kabatini, ndani ya chumba changu. Funguo hii hapa!" Akaitoa mfukoni akanionyesha. Alishaniona mwizi, na sikumlaumu. Akaingia ndani. Nikasikia kufuli, nikasikia mlango wa kabati. Alipotoka alikuwa ameshika chaja peke yake.

Akakaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini aliyekileta alikuwaje. Nikamweleza: wembamba, kanga ya zambarau, namna alivyoinyoosha kichwani kabla ya kujitazama. Nikampa na ule ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno.

Yule mzee alilia mbele yangu bila kujificha, na mie sikujua nitazame wapi.

Mkewe, Bi Mwanaidi, alifariki kabla ya mfungo. Presha. Binti yao mmoja tu, Rehema, anafanya kazi za ndani Maskati, mkataba wake haujaisha, na kuruhusiwa kuja kuzika kulikuwa hakuna. Ndugu wakakaa kikao. Wakaamua asiambiwe mpaka arudi, asije akachanganyikiwa peke yake ugenini. Wakamwambia mama kaenda Kisarawe kumuuguza dada yake, mtandao huko haupatikani, na kamera ya kishikwambi imekufa. Kishikwambi kikafungiwa kabatini. Mzee mwenyewe akipigiwa kwenye simu yake ya kitochi, isiyo na video, anaongea kidogo, anajifanya ana wateja, anakata.

"Nilikuwa namhurumia," akasema. "Wallahi nilikuwa namhurumia."

Nikamwambia, mzee, mie si mtoto wako na si wa dini yako, sina la kukufundisha. Lakini nimetumwa, na nimefikisha. Ng'ombe wakawa wanalia kule machinjioni. Halafu akasema, "Mpigie."

Kishikwambi hakikuwa na bando, nikakirushia intaneti kutoka kwenye simu yangu. Rehema akapokea haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa na simu mkononi. Ni msichana mwenye macho makubwa, nyuma yake jiko la watu, linameta kila kona.

"Mama! Kumbe umekipele..." Akakatika. "Baba? Shikamoo baba. Mama yuko wapi? Jana nimemwambia akipeleke kwa fundi."

Rehema akaendelea, maneno yanakimbizana. Kwamba mama anampigia mara kwa mara, naye akadhani karudi kutoka Kisarawe. Kwamba akipokea anaona ukuta na pazia la chumbani, na mama haongei, anamsikia tu anavyokohoa na kusogeza kiti. Kwamba hakumwambia baba kwa sababu alidhani wamegombana, ndiyo maana kila mmoja anapiga kivyake. "Nikawa namwambia, mama, sikuoni, kamera yako imeharibika. Yeye kimya. Sasa jana nikamwambia basi, nenda kwa fundi."

"Rehema," Mzee Salumu akasema. "Kaa chini, mwanangu."

"Niko chini, baba."

Akamwambia. Alimwambia yote, siku, saa, aliyemwosha, alipozikwa, na kwa nini walimficha. Hakujitetea. Nilitaka kuondoka, lakini simu yangu ndiyo iliyokuwa inaleta intaneti, nikabaki nimeinamisha kichwa kama niliyekuja msibani. Na kweli nilikuwa msibani, sivyo? Msiba wa yule binti ulikuwa unaanza saa ile.

Alilia mpaka sauti ikaisha. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo nalibeba.

"Nilikuwa najua, baba. Mtu anakaa mbele ya kamera humwoni, utakosaje kujua? Nikawa najiambia ni kamera. Kila siku najiambia ni kamera."

Kile kishikwambi hakikupiga tena chenyewe. Mzee aliniambia hivyo, na Rehema naye akathibitisha, mkataba wake ulipokwisha na yeye kurudi. Siku moja alikuja dukani kwangu. Nilimtambua kwa macho. Aliomba nimwonyeshe mama yake alikaa wapi, nikamwonyesha, akakaa hapo hapo, mikono mapajani, mpaka jioni ikaanza kuingia. Nilimpa maji tu. Alipoinuka alisema, "Dada, nilivyokuwa nachukia kuuona ule ukuta! Sasa hivi laiti hata huo ukuta ningeupata."

Na mie? Mie naendelea na kazi, nitafanyaje. Lakini siko sawa na zamani. Mteja akileta kifaa chenye kamera mbovu, hasa akiwa mama mtu mzima, sianzi kwa kumuuliza kitu. Nawasha kamera namgeuzia, nasubiri uso wake utokee. Ule muda mdogo kabla haujatokea, siwezi kukueleza ulivyo. Ukishatokea namshukuru Mungu kimoyomoyo, ndipo namuuliza shida ni nini. Na Singida sasa naenda. Kupigiana simu tu hakunitoshi tena.

Wanaonisikia hutaka kubishana kama ni jini, ni mzimu, au ni mie niliyekuwa na njaa nikaota mchana. Wabishane. Kabati lilikuwa limefungwa, na kishikwambi nilikuwa nacho mie.

Ninachokusihi wewe ni kimoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa anayekificha kifo chenyewe, yeye ataumbuliwa na nani? Kama kwenu kumetokea msiba na kuna mtu wenu yuko mbali, msikae kikao nyuma ya mgongo wake. Usiseme unamhurumia. Mpigie leo, kwa mdomo wako mwenyewe, mwambie akae chini, kisha mwambie. Usipomwambia wewe, marehemu atakwenda kumwambia, naye hana sauti wala sura ya kumwambia kwayo. Atabaki anahangaika hivyo hivyo, akigonga kwa watu wasiomhusu.