Makufuli Anapanga Safari

Shemeji yangu anachonga funguo, na mtu anayechonga funguo hana haraka na jambo lolote duniani. Ukimpelekea ufunguo uliokatika, ataupuliza, ataugeuza, ataupapasa meno kwa kidole gumba, kisha atauliza mlango wenyewe unafungukia ndani au nje. Mtaa mzima unamwita Makufuli. Mimi natengeneza friji. Kwangu mimi friji linapoza au halipozi, na lisipopoza nalifungua. Sasa chukua watu wawili wa namna hiyo, wape safari moja ya kuwinda waipange pamoja msimu wa moto, halafu uniambie nani atakayepandwa na presha.

Kibali kilitoka mapema: watu wawili, kulungu mmoja, vitalu vya milimani, mwisho wake mvua za kwanza. Hatukuwa wageni wa mambo hayo. Tulikuwa tukienda kila mwaka tangu alipomwoa dada yangu. Dada ndiye aliyetukutanisha. Alitufungia chakula, akatuonya tusirudi tumenuniana. Alipofariki tuliendelea kwenda, na hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini.

Mwaka huu nilianza kujiuliza, maana Makufuli alikuwa amechumbia. Mwanamke mwenyewe ni mwalimu wa chekechea, mtu mpole, sina neno naye. Lakini hebu fikiria. Dada hayupo. Mtoto hawakujaliwa. Mke mpya anaingia na ndugu zake. Mimi ni nani tena katika nyumba ile? Kilichobaki kati yetu ni hiyo safari tu, siku chache porini kwa mwaka, na niliogopa kwamba ikikosekana mara moja haitarudi, na yeye hatarudi. Kwa hiyo nilitaka twende, hata kama dunia inaungua.

Na kweli ilikuwa inaungua. Moshi ulishuka mpaka mjini. Nguo ulizoanika asubuhi uliziondoa kambani zinanuka kama zimelala jikoni, na kwenye foleni ya benki watu walikohoa kwa zamu. Milima yenyewe tuliisahau sura. Kila jioni redio ilitangaza vitalu vilivyofungwa, na msomaji alivitaja polepole kama anasoma majina ya waliofeli.

Mimi nilifunga karakana yangu, nikanawa mikono, nikaenda dukani kwa Makufuli tukapange. Duka lenyewe halizidi upana wa mlango na nusu. Ukuta mmoja umejaa funguo ambazo hazijachongwa, zimetundikwa kwenye misumari kwa ukubwa wake. Unga wa shaba kutoka kwenye mashine umeingia kila pahali, hadi kwenye kikombe chake cha chai. Ramani aliitandaza juu ya kaunta. Mteja akija kuchukua ufunguo wake, ilibidi kwanza angoje bonde zima lisogezwe pembeni.

"Tupande kwa kusini," nilimwambia jioni ya kwanza. "Tulale pale mtoni, alfajiri tuko kwenye malisho. Kwisha kazi."

"Pale mtoni tutatokaje?"

"Tutatokea tulikoingilia."

"Na moto ukija kutoka huko tulikoingilia?"

"Shemeji, moto uko kaskazini!"

"Leo," akasema, akaendelea kupiga tupa ufunguo wa mtu.

Hiyo ndiyo sheria yake: kila mahali pa kulala lazima pawe na njia mbili za kutokea. Alisema nyumba za mlango mmoja anazijua vizuri, ndizo zinazompa kazi, na kila anapoitwa huwa anamkuta mtu dirishani analia. Sawa, ni busara, sikatai. Lakini alipigia simu ofisi ya misitu kuuliza kijito fulani kina maji kiasi gani. Akapiga tena kuuliza upepo wa mchana huwa unaelekea wapi. Akapiga mara nyingine kuuliza kama yule aliyepokea simu ya kwanza amewahi kufika huko kwa miguu yake mwenyewe. Akishamaliza kuuliza, mpango ukiwa umekamilika na mimi nimeanza kupata nuru, redio inatangaza kwamba kitalu hicho kimefungwa.

Tukahamia magharibi. Magharibi pakafungwa. Tukahamia mgongo wa mlima wa pili, daraja likaungua. Tulipanga na kupangua mpaka ramani ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Na kilichonichoma hasa ni kwamba Makufuli hakuudhika hata siku moja. Kila kitalu kilipofungwa alitikisa kichwa, akanimiminia chai yenye unga wa shaba, akasema, "Haya, tuanze upya," kwa sauti ya mtu aliyeongezewa likizo.

"Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," nikamwambia.

"Na haraka haraka je?"

"Sitaki methali hapa!"

"Si umeanza wewe?"

Jioni moja nilikuwa nimeinamia ramani natafuta hiyo njia ya pili ya kutokea, nikamsikia akisema, "Naam, shemeji." Nikainua kichwa, mdomo uko wazi tayari kuitika. Alikuwa kwenye simu. Kaka wa yule mwalimu alikuwa anamuuliza mambo ya ukumbi wa harusi. Nikainamia tena ramani, lakini siwezi kukwambia nilikuwa natazama kitu gani.

Kilichofuata ni mambo ya jiko. Kuni zilikuwa zimepigwa marufuku porini kote, hivyo Makufuli akanunua jiko dogo la gesi, na Makufuli hawezi kubeba kitu ambacho hajakijaribu. Nje upepo ulikuwa mkali, akaona alijaribie ndani ya duka. Nikamwambia, "Shemeji, humu hamna nafasi hata ya kupiga chafya." Akasema dakika moja tu. Mpira wa jiko ulikuwa umekaa vibaya, moto ukaruka pembeni, ukadaka tambara la kufutia mafuta. Alilizima palepale kwa gunia bichi, hakuungua mtu wala kitu, ila moshi mweusi ulitoka mlangoni, tena mwingi.

Jirani yake ni mama anayeuza vitambaa. Wiki zote hizo alikuwa amelala jicho moja kwa kuhofia majora yake, na alikuwa ameiweka namba ya zimamoto juu kabisa kwenye simu yake, juu ya namba ya mumewe. Hakutuuliza kitu. Kabla hatujamaliza kupepea moshi, gari jekundu lilikuwa limesimama mlangoni na mtaa mzima umetoka kutazama mfungua makufuli aliyejichoma mwenyewe.

Waliteremka watu watatu, macho mekundu, buti zimejaa majivu. Walikuwa wameshuka kutoka milimani mchana uleule. Kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyokwaruza, alitazama gunia, akatazama jiko, akaona hakuna kazi. Makufuli akamwomba radhi mpaka akachoka, akawapa maji. Yule mwanamke alikunywa huku jicho limetua kwenye ramani.

"Nani anakwenda huku?"

"Sisi," nikasema.

"Huku haendi mtu. Ndiko tulikotoka. Upepo ukigeuka, moto unapanda bonde hili, hata gari haliukimbii." Akarudisha kikombe. "Tumewahi kumtafuta mwindaji mmoja kutwa nzima, vijana wangu wawili wakaishiwa maji. Kumbe mwenyewe yuko kwa mkwewe, anakula. Kaeni kwenu, jamani. Mtanipunguzia kazi."

Kesho yake redio ikamaliza maneno. Vitalu vyote vimefungwa mpaka mvua zinyeshe. Na kibali chetu kinakufa mvua zikinyesha.

Niliingia dukani sijamsalimu mtu. Makufuli alikuwa anachonga, mashine inalia. Nikalaza kidole upande wa mashariki wa ramani.

"Kuna njia ya wakata magogo hapa. Haina geti wala mlinzi. Tukiingia alfajiri, nani atatuona?"

"Hapana."

Nilishangaa. Mtu huyu hajawahi kujibu neno bila kuligeuza kwanza.

"Kwa nini hapana?"

"Pamefungwa."

"Vilivyofungwa ndiyo kazi yako kuvifungua!"

"Namfungulia mwenye mlango," akasema. "Na yule mama wa zimamoto atawatuma vijana wake watutafute. Hapana, shemeji."

Hapo nikapasuka. Nilikuwa nimeyabana maneno hayo muda mrefu, yakatoka yote kwa mkupuo, na yule mama wa vitambaa akayasikia, na liwalo na liwe. "Sema tu hutaki kwenda na mimi! Umepata mke, umepata shemeji mwingine, mimi wa nini tena? Ndiyo maana umepanga ukapangua, ukauliza upepo, ukauliza vijito, mpaka msimu ukaisha. Umechelewesha makusudi!"

Makufuli akazima mashine.

"Nimechelewesha makusudi," akasema. "Hilo ni kweli."

Nilikuwa nimejiandaa abishe. Sikujiandaa kwa hilo.

"Shemeji, mimi uwindaji siupendi. Sijawahi kuupenda. Siku ya kwanza tu miguu inavimba, usiku silali, na huyo kulungu akinitazama naomba akimbie. Dada yako ndiye aliyenisukuma, aliniambia nenda na ndugu yangu, usimwache peke yake porini. Nikaenda." Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, kidole baada ya kidole. "Alipofariki, watu walikuja wakalia na mimi, wakaenda zao. Siwalaumu, kila mtu ana kwake. Wewe hukuja kulia. Ulisimama hapo mlangoni, ukaniuliza tunaenda lini."

Nilikumbuka siku ile. Sikuwa nimejua la kusema, nikauliza hilo.

"Nikaona tukienda upesi, tutarudi upesi, na wewe utarudi kwenye mafriji yako mpaka mwaka mwingine. Lakini tukiwa bado tunapanga, unakuja kila jioni. Kwa hiyo nikawa naurefusha mpango. Kila mwaka naurefusha kidogo. Mwaka huu moto umenisaidia, Mungu anisamehe."

"Ungeniambia tu nije!"

"Uje kufanya nini?"

Watu wazima wawili, wenye nywele zinazoanza kupungua, tungekaa katika duka la upana wa mlango na nusu tukifanya nini? Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa bado nimekasirika, na sasa sikujua nimemkasirikia nani, na nilimtamani dada yangu awepo atucheke wote wawili.

Siku iliyofuata nilishinda kwenye friji kubwa la bucha moja, nalo lilikuwa na kiburi, lilinipotezea mchana wote. Jioni nikafunga karakana, nikanawa mikono. Miguu ikageuka kuelekea dukani kwa mazoea, nikaizuia. Safari hakuna. Kibali kimekufa. Mwindaji gani anapita kwa mwenzake msimu ukiwa umefungwa? Nikakaa kwenye ngazi ya karakana mpaka taa za barabarani zikawaka. Kisha nikainuka, nikachomoa kufuli la mlango wangu pamoja na ufunguo wake, nikamwachia mlinzi wa duka la pili anitazamie mali, nikaenda.

Makufuli alikuwa peke yake. Kaunta ilikuwa tupu, imefutwa. Nikaweka kufuli mbele yake.

"Lina nini?"

"Sijui. Litazame."

Akatia ufunguo, likafunguka. Akalifunga, akalifungua tena, akalisikiliza sikioni. Akaniangalia.

"Shemeji, kufuli hili ni zima."

"Litazame vizuri," nikasema, nikavuta kiti nikakaa. "Taratibu tu. Mimi sina haraka."