Kufuli la Muleba lilinipitia mara mbili, na mara zote nililipitisha

Wakuu, salaam. Hiki kisa kimenitokea mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Mwenye matusi avumilie nimalize, nayastahili.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Hamugembe, Bukoba. Nina ugonjwa wa mafundi wengi: simu ikishapona lazima nipitie gallery. Huwa najidanganya kwamba natest kioo.

Mwaka jana jirani yangu, mjane nimwite Ma Koku, aliniletea simu iliyopasuka kioo. Humo nikakuta picha ya majibu yake ya hospitali.

Nikamwambia dada yangu. Mtu mmoja tu, wakuu.

Haikupita muda habari ikafika Kanazi, kwa wakwe watarajiwa wa binti yake. Posa ikavunjika. Ma Koku hakumuuliza mtu, akaendelea kunisalimia kama kawaida.

Sasa Muleba kuna kikundi hutoa tuzo mbili kila mwaka. Pazia ni ya aliyetunza siri za watu. Kufuli ni ya aliyechungulia. Mimi nilialikwa kufundisha watu kuweka password. Chekeni tu.

Kwenye Kufuli hawataji jina, wanasema kutaja nako ni kuchungulia. Visa vinaletwa kwenye karatasi zisizo na jina. Mwenyekiti anasoma kosa, halafu kufuli kuukuu lililo wazi, ambalo wanasema ufunguo wake ulipotea zamani, linapita mkono kwa mkono. Anayejijua anabaki nalo.

Akasoma: "Alifungua simu isiyo yake, akasema alichokiona, nyumba ya mtu ikaharibika."

Ulikuwa mchana, jua kali, ukumbi umejaa, hata Ma Koku alikuwa amekuja. Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililonitisha, wote walikuwa wanatazama mbele.

Likanifikia. Lilikuwa na joto la mikono ya watu. Nikalipitisha.

Likazunguka, likarudi. Nikalipitisha tena.

Mzunguko wa tatu halikunifikia. Ma Koku, aliyekaa mbele yangu, alilishika akaliweka mapajani, akalifunika kwa kitenge.

"Basi, waitu, ndugu zangu," akasema taratibu. "Ninalo mimi. Watu waende kula."

Ukumbi mzima ukaamini ni yeye. Na mimi nikala ndizi zangu. Nilijiona takataka.

Akalitundika kwenye geti lake, akalibana likajifunga, pale ninapopita kila siku kwenda kazini.

Wiki iliyopita akaleta simu. "Kioo tena, mwanangu." Haikuwa na password. Gallery sikuigusa, naapa.

Nilipovua kava, ufunguo mdogo ukaanguka mezani.

Nikakaa nao siku mbili bila hamu ya kula. Jana asubuhi nikasimama getini kwake, nikaujaribu. Ukazunguka. Kufuli likafunguka mkononi mwangu.

Kuinua macho, Ma Koku yupo kwenye migomba, ananiangalia. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Umelichukua?"

"Nimelichukua, Ma."

"Haya. Lipeleke Kanazi."

Akarudi kupalilia.

Nilichojifunza: mtu akikupa simu amekupa kioo kilichopasuka tu, hajakukaribisha chumbani kwake.

Kufuli lipo hapa mbele yangu naandika. Jumamosi naenda Kanazi. Mliowahi kusimama mbele ya wakwe wa mtu mkakiri, niambieni, sentensi ya kwanza mlisemaje?