Nyama ya Kuku Iliyokatwa kwa Hasira

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Nkwenda kumzika shangazi yangu. Tulipotoka makaburini niliwaacha wenzangu watangulie, nikapita makusudi pale ilipokuwa bucha. Haipo. Ukuta wa mbele umeanguka, mabati yameondolewa, na mahali nyama ilipokuwa ikining'inia pameota magugu yanayofika kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa akianika maharage jirani na hapo aliniambia mwenye bucha alikwishafariki zamani, huko alikohamia, upande wa mpakani. Nikamwambia, "Poleni sana." Lakini wewe ni mtu wangu, sitakuficha: sikusikia uchungu hata chembe. Niliyatazama yale magugu kwa raha, kama mtu anayetazama shamba lake lililostawi.

Nililelewa na bibi na babu mzaa mama, kwenye kilima kilicho juu ya senta, penye maduka na gulio, katika nyumba iliyozungukwa na migomba kiasi kwamba mvua ikinyesha ulisikia kwanza majani, ndipo bati. Ilikuwa miaka ya themanini, vita ya mpakani imekwisha, sabuni na chumvi bado zinatafutwa. Asubuhi niliamshwa na harufu ya moshi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafungulia kuku. Bibi alifuga kuku wengi lakini hakuwahi kumla hata mmoja. Kwetu wanawake wa umri wake hawakula kuku wala mayai. Ulikuwa mwiko wao tangu utotoni. Aliwapika kwa ajili ya wageni, uso ameugeuzia pembeni. Sisi watoto wa shule tulikwishaanza kula na hakutukataza. Alisema, "Kuleni nyinyi. Tumbo langu limezeeka na sheria zake."

Babu naye hakuwajali kuku. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mpole, wa kuongea taratibu, anayeuliza hali ya ng'ombe wa jirani kabla ya kuuliza hali ya watoto wake. Nyama ya Jumapili ndiyo iliyokuwa furaha yake. Siku moja akaanguka shambani akipogoa migomba. Alipozinduka, upande wa kulia ulikuwa umepooza na mdomo umepinda. Hospitali ya misheni walikaa naye, kisha wakamruhusu arudi nyumbani. Muuguzi akamketisha bibi kwenye benchi akamwambia, "Mama, mzee hawezi kutafuna, na presha yake iko juu. Nyama apewe, lakini isiwe na mafuta, na isagwe. Mafuta yatamuua."

Senta nzima mashine ya kusagia nyama ilikuwa moja, ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, imefungwa kwenye meza ya mwenye bucha. Yule bwana alikuwa jirani yetu. Migomba yake na yetu ilipakana. Alipofika Nkwenda hana kitu, babu ndiye aliyemwombea kile kiwanja cha bucha. Kwa hiyo bibi alipomweleza habari ya ugonjwa hakuwa na wasiwasi. "Steki tupu, mama, nimekuelewa," alisema, akatugeuzia mgongo, akazungusha mashine yake, akatufungia nyama kwenye jani la mgomba.

Chungu kilipopoa, juu yake paliganda tabaka jeupe la mafuta la kukatwa kwa kijiko. Bibi aliliengua akidhani ndivyo nyama ya kusaga ilivyo. Juma baada ya juma aliengua, na juma baada ya juma babu alizidi kudhoofika. Kichwa kilimgonga, alitapika, ulimi ukawa mzito hata jina langu likamshinda. Ndipo siku moja bibi, akiichambua ile nyama kabla ya kuipika, akakuta kipande ambacho mashine ilishindwa kukisaga. Aliosha mikono, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikuwa chuchu ya ng'ombe. Akaendelea kuchambua, akapata vipande vya mapafu na mafuta ya tumbo. Steki hakuiona.

Aliifunga tena ile nyama, akanishika mkono, tukateremka senta. Watu walikuwa wamejaa bucha.

"Mwanangu," bibi alimwambia, "hii ndiyo nyama unayompa baba yako?"

Mwenye bucha akatazama wateja wake, akacheka. "Mama, steki ni ya wenye meno. Mzee mwenyewe yuko njiani kuondoka, ya nini kuharibu nyama nzuri?"

Wawili watatu walicheka pamoja naye. Bibi alisema neno moja tu: "Nimesikia." Kisha akapanda kilima kwa mwendo ambao ulinibidi nikimbie ili niufuate.

Jioni ile aliingia bandani akatoka na jogoo wake mkubwa kuliko wote. Alimchinjisha, akamnyonyoa, akamchuna ngozi yote, akang'oa kila uzi wa mafuta ya manjano mpaka nyama ikabaki nyeupe kama kitambaa cha altare. Akachukua kidari na mapaja, akaweka juu ya ubao, akashika visu viwili, kimoja kila mkono, akaanza. Mlio ule ninao masikioni mpaka leo. Alikatakata mpaka nyama ikawa laini kama unga uliokandwa, na kila alipopumzisha mikono alisema kwa sauti ya chini, "Sijamalizana naye." Aliipika kwa maji kidogo, kitunguu na nyanya za shambani, bila tone la mafuta. Kwa kuwa yeye hakuweza kuonja, mimi nilikuwa ulimi wake.

"Chumvi?"

"Bado kidogo, bibi."

Babu alipewa pamoja na ndizi zilizopondwa. Alimung'unya, akauliza kwa ule mdomo uliopinda, "Ng'ombe gani huyu?"

"Mwenye mabawa," bibi akamjibu, na babu akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki nzima. Toka siku ile ng'ombe hakuingia tena chunguni kwetu. Kabla msimu wa kahawa haujaisha, babu alikuwa akitembea na mkongojo mpaka kwenye mibuni na kurudi.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Bibi yangu hakuridhika. Alianza kukatakata kuku wa kuuza, akiifinyanga nyama kuwa kababu na kuzichoma juu ya makaa. Siku ya gulio alikuwa na uwanja mzima wa kuchagua, akachagua kuketi mkabala na mlango wa bucha. Kila mteja alimwambia maneno yaleyale, bila kupaza sauti: "Huyu ni kuku. Ngozi nimetoa, mafuta nimetoa. Nyama ya kusaga ya pale mbele, muulize mwenyewe ameweka nini." Walianza kina mama wenye watoto wadogo, wakafuata wazee wasio na meno, kisha hata vibarua waliokuwa wakichuma kahawa. Nyama ya mashine ikawa inakaa siniani mpaka nzi wanaichoka.

Mwenye bucha alivumilia kwa muda. Halafu siku moja ya gulio, saa ya watu wengi, akatoka mlangoni akapaza sauti.

"Jamani, nani amewahi kumwona huyu mama akila huyo kuku wake? Mpishi asiyegusa chakula chake! Jiulizeni ametia nini humo!"

Alijua mwiko ule vizuri kama sisi sote. Lakini pale kwetu neno sumu, hata likisemwa nusu, linatosha kummaliza mtu. Mama mmoja alimtoa mwanawe kababu mdomoni kwa kidole. Mikono iliyokuwa imenyooshwa ikarudi. Nikaona duara la watu likipanuka kutuzunguka, nikaanza kulia.

Bibi alisimama, akapangusa vidole kwenye kitenge, akachukua kababu moja.

"Bibi, usile," nilimwambia nikimvuta nguo.

Akala. Wanawake wa rika lake waliziba midomo kwa viganja. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, machozi yakimteremka, akameza. Akachukua ya pili, akaila macho wazi, akimtazama mwenye bucha. Kisha akavuka njia, akachota konzi ya nyama ya kusaga kwenye sinia lake, akaifinyanga, akarudi kuiweka juu ya makaa yake mwenyewe. Mafuta yalidondoka, moto ukaruka juu, moshi mweusi ukatufunika. Ilipoiva akaiweka kwenye jani, akampelekea.

"Mimi nimekula yangu. Sasa na wewe kula yako."

"Sina njaa."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Nimeshakula nyumbani."

Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Kula, bwana. Tukuone." Wengine wakaitikia. Mwenye bucha alikitazama kile kipande, akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, na mkewe akageuza uso. Basi akaingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe, siku ya gulio. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alitema mate chini akaondoka, na nyuma yake akaondoka mwingine, na mwingine.

Bibi alitapika njiani tukirudi, akaugua siku kadhaa. Hakula kuku tena maishani. Alisema, "Nimekula mara moja, naye alikuwa mtamu kwa sababu nyingine."

Bucha haikuinuka. Baadaye mke wa yule bwana alipanda kilima kuja kwetu, akapiga magoti, akaamkia, "Shikamoo mama," akaomba bibi aseme neno ili watu warudi. Bibi alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza hali ya watoto mmoja mmoja. Halafu akamwambia, "Sikumfukuzia mtu wateja. Nilimwambia ale tu." Haukupita muda wakauza migomba yao na kuhama.

Babu alituacha miaka ya tisini mwanzoni, usingizini, akiwa ameshiba. Bibi alimfuata baadaye. Siku zake za mwisho katekista alikuja kusali naye, akamwomba awasamehe wote waliomkosea.

"Walionikosea mimi nimewasamehe," bibi alisema. "Aliyemkosea mzee wangu, atakutana naye hukohuko. Mzee ndiye ataamua."

Leo wasichana wa Nkwenda wanakula kuku bila kujua kwamba bibi zao walikatazwa, na nyama ya kusaga inauzwa kwenye mifuko, na hakuna anayeuliza ndani kuna nini. Kile kilima kimeuzwa. Mlio wa visu viwili juu ya ubao nimebaki nao peke yangu. Nami nikiwaza hukumu ile ambayo bibi alimwachia babu, naijua jinsi ilivyokwenda. Kwa ule upole wake, alimkaribisha yule bwana, akamuuliza habari za ng'ombe, akamsamehe siku ileile. Mimi bado.