Vyuma vya Kisigino

Katika miaka yote tuliyofuma soksi pamoja, mume wangu hakuniachia kisigino hata kimoja. Mimi nilizungusha mguu wa soksi. Mpini unakwenda, sindano zinapanda na kushuka moja baada ya nyingine kama watu wanaoinama kupita mlango mfupi, na chini ya mashine soksi inarefuka kama bomba. Ikifika kipimo cha kifundo, alinigusa bega. Nikanyanyuka, akakaa yeye.

"Usinisemeshe," alisema kila mara, ingawa mimi si msemaji na yeye alijua.

Mashine ile ilitoka kisiwani Nosy Be. Kabla hatujaoana alifanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja wa Kifaransa pale Hell-Ville, mjane aliyependa kufuma. Nchi ilipopata uhuru yule mama alirudi kwao, akamwachia mashine na vyombo vyake vyote, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kuitumia. Mimi ni mtu wa Ambanoro, hapo karibu. Kijijini kwetu nani avae soksi? Tulipooana tukahamia mji wa Mahajanga, tukapanga chumba mtaa wa Tanambao, na shule zikawa wateja wetu. Humu nayaandika maneno ya watu kwa Kiswahili, lakini chumbani mle tulisema Kikomoro, na majirani tulisema nao Kimalagasi. Kiswahili cha kuandika nilikipata baadaye.

Mashine ilikazwa kwenye meza na haikuondoka. Vyombo vidogo ndivyo vilivyotembea. Vilikuwa vyuma vitatu vya kisigino, kila kimoja kama uma mdogo wenye meno yaliyopinda na donge la risasi chini yake. Palikuwa na sindano ya kuokotea, yenye kulabu na ulimi mdogo unaofunguka, ya kurudisha kitanzi kilichoponyoka. Palikuwa na bisibisi fupi, na sindano kumi na mbili za akiba ambazo alizipaka mafuta, akazifunga katika kitambaa cheusi akakishona pande zote zisimwagike. Vyote hivi alivitia mfukoni mwa koti lake la kaki. Hewa ya Mahajanga ina chumvi, na alisema chuma kikikaa karibu na mwili wa mtu hakishiki kutu. Sijui kama ni kweli.

Alikufa kwa homa ya siku tatu. Aliyemwosha alikuwa mzee wa Ambanoro, mtu aliyesoma na mume wangu chuo kimoja cha Kurani utotoni, ambaye wiki ile alikuwa amekuja kumwona binti yake. Kwetu nguo za marehemu hupewa aliyemwosha. Wanawake walinijia wakasema, "Toa nguo zake." Nilikwenda kwenye msumari ukutani nikazitia zote katika shuka, na koti la kaki likiwamo.

Niseme ukweli wangu. Niliposhika lile koti nilihisi uzito wa vyuma mfukoni, nikajua ni nini. Lakini chumba kilijaa wanawake, na wote walikuwa wananitazama. Niliogopa nikitia mkono mfukoni mwa marehemu, watasema mjane anatafuta pesa kabla maiti haijatoka. Nikafunga shuka. Haikuwa kusahau. Ilikuwa aibu.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila kuvuka kizingiti cha ua. Kaka yangu alituma neno kutoka Ambanoro: eda ikiisha nirudi nyumbani kwake, kuna kitanda cha kulala na wanawe wa kulea. Hakukosea. Mwanamke peke yake Tanambao angekula nini? Nilikuwa na mashine, na nilikuwa na magunia mawili ya uzi mweupe ambayo mwalimu mkuu wa shule moja alikuwa amemletea mume wangu, zifumwe soksi za gwaride la sikukuu ya uhuru. Siku moja mwalimu huyo, mama wa Kimalagasi mwenye sauti ya chini, alikuja na kukaa nami kwenye mkeka.

"Mbola tsara, mama," akanisalimu. Kisha akasema, "Sikuja kukuhimiza. Kama huwezi, nitautuma uzi Antananarivo. Lakini kama unaweza, ningependa zitoke hapa."

Nikamwambia anipe majuma matatu nimjibu. Baada ya hapo nilijua wazi mambo yalivyosimama. Nikiweza kufuma soksi nzima, nitabaki na kazi yangu. Nikishindwa, nitakwenda kulea watoto wa kaka. Na soksi bila kisigino si soksi.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa akiniletea chakula kila siku. Ni mwanamke mrefu, mdomo wake haupoi. Siku moja alinikuta nimening'iniza kwenye soksi, ili kuivuta chini, kijiko cha chai nilichokipinda, na kufuli.

"Hii nini? Unafuma soksi au unatega panya?"

"Vyuma vya kisigino sina."

"Viko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza na habari ya aibu, nikidhani atanikemea, kwa kuwa alikuwemo chumbani siku ile na yeye ni mmoja wa wale niliowaogopa.

"Mimi siku ile," akasema, "nilikuwa nalia kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vinanibana. Kaka yangu nilimlia kesho yake. Wewe ulidhani tunakutazama mfuko?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mazishi, nikaziba mdomo kwa ukingo wa kanga.

Kijiko na kufuli havikufaa kitu. Kwenye kisigino mashine haizunguki tena duara zima. Unanyanyua nusu ya sindano zisifanye kazi, kisha mpini unakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, na kila safari unapumzisha sindano moja zaidi, hadi zibaki chache. Halafu unazirudisha moja moja. Wakati wote huo kitambaa lazima kivutwe chini, na kivutwe sawasawa, la sivyo vitanzi vinapanda na kuruka. Kijiko changu kilivuta upande mmoja. Kila kisigino kilitoka na tundu la kupitisha kidole gumba.

"Nitakwenda Nosy Be," wifi akasema. "Kuna arusi huko."

"Arusi ya nani?"

"Nitaitafuta nikifika."

Nilimwomba asidai. Kilichotolewa kwa ajili ya maiti hakirudishwi, na yule mzee alimwosha mume wangu kwa mikono yake, akamkata kucha, akamfunga kidevu. Nilimwambia amuulize tu kama alivikuta, na kama amevitupa amshukuru vilevile. Akapanda meli ya pwani na wenye mizigo, akakaa huko siku kumi na mbili. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Niliutazama uzi ule mweupe na sikuugusa.

Aliporudi alivua viatu, akanywa maji vikombe viwili, ndipo akaanza. Alimkuta mzee ameketi mbele ya nyumba yake anatengeneza mshipi, na mwisho wa mshipi amefunga nini? Chuma cha kisigino. Amekifanya chubwi ya kuzamisha ndoana.

"Nikamwambia, baba, hicho ni chombo cha soksi. Akasema, mimi nilidhani ni cha kuvulia. Nikamwambia, kaka yangu hakuvua samaki hata siku moja. Akasema, basi nilidhani ameanza!"

Vyuma vilikuwa vitatu. Kimoja kilikwama mwambani na kukatika na mshipi, mzee hakujua hata ni siku gani. Viwili vilibaki. Bisibisi ilikuwa kwenye bawaba ya mlango wake, ikizuia usifunguke kwa upepo. Sindano ya kuokotea aliichukua mkewe, anafumua nayo nyuzi za kofia alizokosea, na alisema katika maisha yake hajapata kushika kitu kizuri kama hicho. Wifi anasema aliitoa kama mtu anayetoa jino.

"Na kitambaa cheusi kilichoshonwa?" nikauliza. Hizo zilikuwa sindano za akiba.

Wifi akaanza kucheka kabla hajasema. Mzee alikidhani hirizi. Aliogopa kukifungua, aliogopa pia kukitupa, kwa hiyo alikitundika juu ya mlango wake, na tangu akitundike mjukuu wake mgonjwa akapona. Mkewe hakutaka kiondoke. Walibishana mlangoni, mume na mke, mpaka wifi akaapa kwamba ndani mna sindano kumi na mbili tu na mafuta, ndipo wakakitoa.

"Nami nikaona tumemaliza," wifi akasema. "Lakini mzee akaingia ndani, akarudi na lile koti kunionyesha. Amelifua na kulikunja, hajalivaa hata mara moja, anasema linamfika magotini. Akasema, mwambie mjane hivi: mimi nilipewa nguo, na nguo nimezipokea. Kazi ya marehemu sikupewa. Hiyo ni yake, na angeniuliza siku ileile ningempa, wala nisingemfikiria vibaya."

Nililisikia neno hilo nikainamisha kichwa. Nimelishukuru tangu siku ile mpaka leo ninapoandika.

Kisha wifi akafungua kanga yake. Mlikuwa na vyuma vitatu, kimoja kipya. Mzee alikuwa ameyeyusha risasi za nyavu, akachapisha umbo la chuma kimoja katika mchanga uliolowa, akamimina. Meno aliyatengeneza kwa ndoana tatu zilizokatwa ncha. Kilikuwa kibaya kwa sura, kimejaa vijishimo, lakini alikipima kwa mkono na kile cha zamani, akakikwangua kwa kisu hadi vikalingana.

Kuwa na vyuma si kujua. Kisigino cha kwanza kiliruka vitanzi saba. Cha pili kiliishia kimepinda kama sikio. Niligundua kwamba kwa miaka yote ile niliyokaa pembeni nikisubiri kuguswa bega, nilitazama mkono wake wa kulia tu, unaorudisha mpini, kwa kuwa ndio uliokuwa na kishindo. Niliketi nikafumba macho nikautafuta mkono wa kushoto. Ulikuwa wapi? Ulikuwa chini ya mashine. Kila safu chache ulikuwa ukivichomoa vyuma na kuvipandisha juu, karibu na sindano, ili uzito usibaki nyuma. Nilikuwa nimeuona mara elfu bila kuutambua.

Kisigino cha nne kilikaa. Nilitia ngumi ndani yake, nikakigeuza huku na huku, nikakivuta. Hakikuwa na tundu. Nikakiweka juu ya meza, nikafuma kingine kabla sijasahau.

Mwalimu alipokuja baada ya majuma matatu nilimwonyesha jozi sita na nikamwambia ukweli: hizi ni zangu, si za marehemu, na mshono wa kidoleni bado haujanyooka. Alivaa moja mkononi akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Endelea," akasema, na siku iliyofuata akaniletea gunia la tatu kwa pusipusi, kigari kinachovutwa na mtu.

Gwaride sikuliona, eda ilikuwa haijaisha. Wifi alikwenda, akarudi akasema vumbi limezigeuza soksi zote nyekundu hadi kifundo, na kwamba hakuna mtoto hata mmoja ambaye yake ilikuwa imeteremka.

Jioni hiyo nilimwomba aniandikie barua kwa kaka, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Maneno niliyasema mwenyewe: kwamba ninamshukuru kwa kitanda chake na kwa moyo wake, kwamba eda ikiisha nitakuja Ambanoro kumsalimu yeye na wanawe, na kumpelekea yule mzee na mkewe mchele na heshima zangu, kisha nitarudi Mahajanga kwa sababu nina kazi. Wifi aliandika yote, halafu akaendelea kuandika muda mrefu baada ya mimi kunyamaza. Nilimuuliza ameongeza nini.

"Salamu zangu," akasema, akaramba bahasha.